BARUA YA KUKATALIWA INA SIKU ZAKE

(Maneno yaliyosemwa na ndugu zetu wa reli katika mkutano wa wanachama na jamaa zao mjini Garsen.)



Sisi tunaosema nanyi leo ni wafanyakazi wa reli, na ni wana wa mto huu wa Tana. Huku kwetu reli hakuna. Mtoto wa Garsen au wa Ngao huliona gari la moshi kwa mara ya kwanza siku anapofika Mombasa. Sisi tulisoma shule ya msingi ya misheni, tukashuka pwani kutafuta kazi, na reli ikatupokea. Basi msitazamie kutoka kwetu maneno ya mawakili. Tutasema yale tuliyoyaona kwa macho, na yale tuliyoyasoma pole pole, kamusi mkononi.

Jambo lenyewe ni viza. Mzee mmoja alicheka alipolisikia neno hili, akasema, "Kwetu viza ni yai bovu." Mzee wetu, hukukosea sana. Vijana wengi hapa wamelalia yai hilo kwa miezi, wametumia fedha za jamaa zao, na mwisho wake wamepewa barua ya kukataliwa. Leo hatukuja kusema jinsi ya kupata viza. Tumekuja kusema juu ya siku inayofuata, siku ambayo barua ya kukataliwa imefika nyumbani. Siku hiyo ndiyo wengi wetu hupotea.

Tutawapa habari za vijana wawili. Majina yao hatutayataja, lakini wote wawili wametupa ruhusa ya kusema.

Wa kwanza ni mtoto wa mwenzetu wa karakana. Ni fundi wa umeme, kijana hodari. Alipata nafasi ya kazi katika nchi moja ya Ulaya. Ninyi wenyewe mlifanya harambee hapa Garsen. Wako waliouza mbuzi, wako waliotoa fedha ya maembe, na wako waliotoa shilingi 50 maana ndiyo waliyokuwa nayo. Fedha zote zikatiwa benki kwa siku moja, zikapelekwa karatasi za benki kwenye ubalozi. Baada ya wiki kadha jibu likaja: viza imekataliwa. Barua ilisema kwamba fedha nyingi ziliingia kwa mara moja, na hapana maelezo zilikotoka.

Kijana yule aliona haya. Aliikunja barua akaitia ndani ya kiatu cha Jumapili, akawaambia jamaa kwamba jibu bado. Tulipoiona barua ile, wiki 6 zilikuwa zimepita. Ukurasa wa pili, chini kabisa, palikuwa na maneno kwamba asiyeridhika aweza kutaka uamuzi uangaliwe tena katika muda wa mwezi mmoja. Hakuna aliyekuwa ameusoma ukurasa wa pili.

Na hayo si mabaya yote. Katika wiki zile 6 alikwisha kumwona mtu mmoja mjini, mmoja wa wale wajiitao mawakala. Mtu yule alichukua fedha zilizobaki, akamfanyia barua ya benki isiyo ya kweli, akamwambia aombe tena. Ubalozi uliitambua barua ile kuwa ni ya uongo. Safari hii hakukataliwa viza tu, bali alizuiwa kuomba tena kwa miaka mingi. Wakala simu yake haijibu. Fedha za harambee zimekwisha. Kijana yuko hapa nyumbani, na amesema tuwaeleze wenzake ili wasipite njia ile.

Wa pili ni binti muuguzi, mpwa wa mmoja wetu. Yeye alitaka kwenda kusoma mafunzo ya miezi michache katika nchi nyingine, kisha arudi kazini kwake. Naye alikataliwa. Barua ilisema kwamba hakuonyesha ushahidi wowote kuwa ana kazi ya kumrudisha Kenya. Binti huyu hakuificha barua. Siku ya tatu alipanda basi akaja kwetu Mombasa, zaidi ya kilomita 200, na nakala za karatasi zote alizopeleka. Tukakaa naye mezani baada ya zamu, tukahesabu karatasi moja moja. Karatasi ya 7 ilikuwa barua ya mwajiri wake, ina sahihi na muhuri, yasema kwamba amepewa likizo na kazi yake yamngoja. Kumbe ushahidi ulikuwapo, ila aliyesoma hakuuona.

Tuliandika jibu la ukurasa mmoja. Hatukulalamika, wala hatukutaja umaskini wa Tana River au machozi ya mama yake. Tulisema hivi: barua yenu yasema hapana ushahidi wa kazi, ushahidi huo ni karatasi ya 7 katika zile mlizopokea tarehe fulani, twaomba uamuzi uangaliwe upya kwa sababu hiyo. Ilipelekwa siku nyingi kabla ya muda kwisha. Baada ya miezi miwili na kidogo, uamuzi ukabadilishwa. Alikwenda, akasoma, na leo amerudi kazini.

Ndugu zetu, angalieni sana tofauti ya watu hawa wawili. Msidhani kwamba mmoja alikuwa na bahati na mwingine hakuwa nayo. Swali la kwanza mtu anapokataliwa ni hili: kosa ni la nani? Kwa binti, kosa lilikuwa la aliyeamua, maana karatasi ilikuwapo naye hakuiona. Dawa ya kosa la namna hiyo ni kuomba uamuzi uangaliwe upya. Kwa kijana, kosa lilikuwa letu sisi. Tulipeleka fedha bila maelezo. Mgeni wa Ulaya hajui harambee ni nini. Yeye aona fungu kubwa limeingia siku moja, afikiri limeazimwa ili kumdanganya. Hata kama tungaliomba uamuzi uangaliwe upya, pengine tungaliambiwa kwamba aliyeamua aliamua sawa kwa karatasi alizokuwa nazo. Dawa ya kosa la namna hiyo ni kuomba upya, na safari hii kupeleka orodha ya harambee, majina na kiasi alichotoa kila mtu, sahihi ya mwenyekiti na ya mweka hazina, na barua ya chifu. Dawa mbili, magonjwa mawili. Na dawa ya wakala haiponyi hata mojawapo.

Sasa twende kwenye sheria za nchi mbali mbali, maana hazifanani. Tutasema kwa ufupi, na sheria hizi hubadilika, kwa hiyo barua yako mwenyewe ndiyo ya kufuatwa.

Nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ile iitwayo ya Schengen, zapaswa kumpa aliyekataliwa karatasi yenye kuonyesha sababu, na kumweleza haki yake ya kukata rufani. Imekuwa hivyo tangu mwaka 2011. Lakini rufani hufuata sheria ya ile nchi iliyokataa, na muda wa kila nchi ni wake. Ujerumani, kwa mfano, palikuwa na njia nyepesi ya kuwaandikia ubalozi wenyewe ili waangalie tena. Njia hiyo ilifungwa tarehe 1 Julai 2025. Sasa lililobaki ni kuomba upya, au kushtaki katika mahakama ya mambo ya utawala huko Berlin. Hili twalisema kwa sababu wako vijana wanaotazamia kwenda huko tangu Kenya na Ujerumani zilipotia sahihi mapatano juu ya wafanyakazi mwezi wa Septemba 2024. Akikuambia mtu leo kwamba atakuandikia barua ya bure kwa ubalozi wa Ujerumani ili ubadili uamuzi, habari zake ni za zamani.

Uingereza, mtu aliyeomba viza ya kazi ya ufundi akiwa nje ya nchi hiyo hupewa siku 28 za kuomba uamuzi uangaliwe upya, na ada yake ni pauni 80. Wanaoangalia hutafuta kosa la aliyeamua. Kwa kawaida hawapokei karatasi mpya. Hiyo ni dawa ya yule binti, si dawa ya yule kijana. Lakini mwenye kuomba viza ya matembezi hana njia hiyo. Zamani aliyetaka kuwatembelea jamaa zake aliweza kukata rufani, na haki hiyo iliondolewa mwezi wa Juni 2013. Na atakayepeleka karatasi ya uongo huko aweza kufungiwa mlango kwa miaka 10.

Kanada, aliyekataliwa viza ya matembezi au ya masomo aweza kuomba ruhusa ya Mahakama ya Shirikisho ili uamuzi uchunguzwe. Akiwa nje ya Kanada hupewa siku 60. Marekani nayo, mtu anayekataliwa viza ya matembezi kwa kuwa hakuwaridhisha kwamba atarudi kwao, hana rufani. Aweza kuomba tena na kulipa tena, lakini asirudi na mambo yale yale ya jana, maana atapewa jibu la jana.

Mmeona basi. Wako wanaotoa siku 28, wako wanaotoa siku 60, wako wasiotoa hata moja. Ndiyo sababu twasema, soma barua yako mpaka mwisho, ukurasa wa pili na wa tatu, na kama Kiingereza chake ni kigumu mtafute mwalimu. Kusomewa barua si aibu. Aibu ni kuhesabu siku baada ya siku kwisha. Wazee walisema, chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Haya yote si mageni kwetu wafanyakazi. Mwanachama akipewa barua ya mashtaka kazini, je, huitia katika kiatu? Hapana. Huileta kwa katibu wa tawi siku ile ile. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba kabla ya mtu kufukuzwa kwa kosa au kwa kazi mbaya ni lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, naye asikilizwe pamoja na mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama. Haki hiyo haikuanguka kutoka mbinguni kama mvua. Nasi twajua kuitumia: twasoma shtaka, twajibu shtaka lile lile lililoandikwa, hatujibu shtaka lingine. Barua ya viza ni vivyo hivyo. Ikisema fedha, jibu fedha. Ikisema kazi, jibu kazi.

Na dereva wa gari la moshi akikuta ishara nyekundu, hapiti kwa nguvu, wala hashuki akakimbilia porini. Husimama, huuliza stesheni, hungoja jibu. Anayekwenda kwa wakala apita ishara nyekundu. Anayeificha barua amekimbilia porini.

Tena wako watu wanaosema, "Sisi ni wadogo, nani atabishana na serikali?" Hao tuwakumbushe historia ya vyama vya wafanyakazi katika nchi hii. Makhan Singh, aliyeanzisha chama cha wafanyakazi hapa Kenya katika miaka ya 1930, aliporudi Mombasa mwaka 1947 kutoka India, serikali ya kikoloni ilitaka kumrudisha alikotoka. Hakukubali kimya kimya. Aliipinga amri ile mbele ya mahakama, akabaki, na mwaka 1949 akawa katibu mkuu wa East African Trade Union Congress, Fred Kubai akiwa rais wake. Ni kweli kwamba baadaye walimweka kizuizini tangu 1950 mpaka 1961. Hatuwaambii kwamba kila anayepinga hushinda. Twawaambia kwamba karatasi ya serikali, hata ya wakoloni, yaweza kujibiwa.

Sasa tugeukie nyumbani, maana si kila mlango uliofungwa uko Ulaya. Kijana hawezi kuomba viza bila pasipoti, wala hapati pasipoti bila kitambulisho. Na ninyi mwajua taabu ya vitambulisho. Babu zetu walitundikiwa kipande shingoni ili wasiende watakako. Wajukuu wao walisumbuka kinyume chake, kwa kukosa karatasi ya kuonyesha kwamba hapa ni kwao. Kwa miaka mingi vijana wa jamii kadha wa kadha walisimamishwa mbele ya kamati za wazee na maofisa kuulizwa babu wa babu zao. Mwezi wa Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba uhakiki wa namna hiyo kwa watu wa kaunti za mpakani umekwisha. Tangazo ni jema. Lakini anayenyimwa hata hivyo, afanye nini?

Ajue kwanza kwamba Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 12, yampa kila raia haki ya pasipoti na karatasi za uandikishaji. Kifungu cha 47 chasema kwamba mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa ofisi ya serikali ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 imeeleza jinsi ya kuitumia haki hiyo. Basi ukiambiwa kwa mdomo, "Rudi kesho," mara ya tatu usirudi mikono mitupu. Rudi na barua fupi, nakala mbili, yasema: niliomba tarehe fulani, nimenyimwa au sikujibiwa, naomba sababu kwa maandishi. Nakala moja waachie, ya pili igongwe muhuri ubaki nayo. Wasipojibu, iko Tume ya Haki ya Utawala, ambayo hupokea malalamiko ya wananchi bila malipo. Na uamuzi juu ya pasipoti au uraia waweza kupelekwa Mahakama Kuu, kwa sheria ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011.

Mahakama Kuu hiyo iko wapi? Wengi wetu twapita mbele yake tukienda sokoni, tukidhani ni mahali pa kesi za kuua tu. Iko hapa hapa Garsen. Mtu wa Tana River hahitaji kwenda Nairobi ili jaji aangalie uamuzi wa ofisi. Lakini mahakama ni mlango wa mwisho, nao wataka wakili na fedha. Milango ya kwanza yataka kalamu tu.

Neno moja juu ya karatasi zenyewe. Mto wetu hutulisha, lakini pia huingia nyumbani bila hodi. Mafuriko ya mwaka 1997, ya 2023 na ya 2024 yalichukua mengi, na katika mengi hayo zilikuwamo hati za kuzaliwa na vyeti vya shule. Mtu akipoteza hati ya kuzaliwa, twaona mwaka mzima umepotea. Fanyeni nakala. Tieni hati katika mifuko ya plastiki, na nakala moja iwekwe mbali na mto, kwa jamaa aliye mjini au katika ofisi ya tawi.

Ndugu Mwenyekiti, hatupendi kumaliza kwa maneno matupu. Twaomba mkutano huu ukubali mambo manne.

Kwanza, kila mwanachama, au mtoto wa mwanachama, akipata barua ya kukataliwa, ailete kwa katibu wa tawi katika siku 3, hata ikiwa imemuumiza.

Pili, tawi liwe na kitabu cha barua hizo: tarehe ilipopokelewa, sababu iliyoandikwa, na siku ya mwisho ya kujibu, kwa wino mwekundu.

Tatu, harambee yoyote ya safari iandikwe tangu siku ya kwanza, jina na kiasi, na mweka hazina atie sahihi. Orodha hiyo ni ushahidi, si udaku.

Nne, pasiwe na mwanachama atakayempa fedha mtu anayeahidi viza, wala atakayepeleka karatasi ya uongo. Kijana wetu amelipa ada ya somo hilo kwa ajili yetu sote. Haifai tulipe mara ya pili.

Tumesema mwanzoni kwamba siku inayofuata ndiyo wengi hupotea. Kabla ya kuanza mkutano huu tuliuliza, na vijana watatu wamekiri kwamba wana barua mifukoni. Mmoja tumeisoma tayari. Amebakiwa na siku 9, na kosa laonekana si lake. Tukimaliza hapa, kabla ya chai, aje mezani pamoja na karatasi zake zote. Wawili wengine wamfuate. Katibu ameleta kitabu, na wino mwekundu upo.

Umoja ni nguvu.